Katikati ya Mji ni pa Nani?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya, wafanyabiashara wa sokoni na wanachuo wa wilaya za Karagwe na Kyerwa



Tumeombwa tuzungumze juu ya uboreshaji wa miji yetu midogo, hasa ile sehemu ya katikati ambako soko, stendi, maduka na ofisi hukutana. Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini tume ya haki na amani ijishughulishe na mitaro, vyoo na vizimba vya soko, kazi ambazo zina mabwana afya na wahandisi wake. Tutalijibu swali hilo kwa kuanza na kosa letu wenyewe, maana anayetaka kuzungumza na wengine juu ya haki hana budi kwanza kueleza pale alipoteleza.

Miaka michache iliyopita, katika mji mmoja mdogo wa wilaya zetu hizi, tulishirikiana na wakazi kutengeneza njia ya kuingilia sokoni. Kila masika maji yalikuwa yakishuka kutoka mlimani, yakiukuta mtaro umezibwa na maganda ya ndizi, makoa ya migomba na chupa za plastiki, basi yakapita katikati ya watu na bidhaa zao. Tulichangishana. Wenye maduka walitoa saruji, wenye magari wakaleta mawe na mchanga, na vijana wa chuo wakatoa nguvu zao kwa Jumamosi nne mfululizo. Kazi ilikuwa nzuri, na tunathubutu kusema hivyo hata leo. Mtaro ulijengwa kwa mawe, ukawekewa vifuniko mbele ya maduka, na pembeni tukapanda maua. Ili maua yasikanyagwe, tulisimika vigingi na kuzungusha mnyororo. Picha zikapigwa.

Kando ya mtaro ule walikuwa wakiketi akina mama wapatao kumi, wakiuza ndizi, maharage, nyanya na maparachichi juu ya magunia. Hawakuwa na vizimba, lakini kila siku ya gulio walilipa ushuru na kupewa stakabadhi. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna mgambo aliyekuja kumwaga nyanya zao, kama yalivyo mazoea ya mahali pengi. Mnyororo wetu ndio uliowafukuza. Walihamia nyuma ya stendi, mahali ambapo abiria hapiti ila amepotea njia. Mmoja wao tulikutana naye baada ya miezi kadhaa, akatuambia kwa upole kabisa kwamba siku ile tulifagia taka na yeye akiwamo. Tulirudi nyumbani kimya.

Tulipokaa kujichunguza, tuliona kwamba katika kamati yetu walikuwamo walimu, wenye maduka, katekista na wanachuo wawili. Hakuwamo hata mmoja auzaye chini. Wala si kwamba tuliwaficha vikao. Matangazo yalibandikwa kwenye mbao zote, ila kikao kiliitishwa saa nane mchana siku ya gulio, saa ambayo hakuna mama wa sokoni awezaye kuacha mali yake. Tulikuwa tumewaalika kwa namna ambayo hawangeweza kuitika. Ndiyo maana tumeipa mada hii jina la swali, nalo ni swali tunalojiuliza sisi kabla hatujawauliza ninyi.

Wilaya zetu hazianzi leo kuwa na biashara. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, mwaka 1861, waliikuta tayari njia ya wafanyabiashara wa pwani iliyotoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, ikielekea Buganda. Wafanyabiashara hao walikuwa na kituo Kafuro, si mbali na Bweranyange, na Stanley naye alipita hapo mwaka 1876. Biashara ile ilipofifia, na sifa ya Kafuro ikafifia nayo. Mji haushikwi na kuta zake. Unashikwa na yule ajaye asubuhi na mkungu wa ndizi juu ya baiskeli, na yule ajaye kuununua.

Miji yetu ya leo, Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na mingineyo, imekua kwa misukosuko zaidi kuliko kwa ramani. Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Ngara na Karagwe kwa maelfu, kambi zikafunguliwa Chabalisa, Kagenyi na penginepo, na magenge yakaota usiku mmoja kando ya kila njia iliyopitiwa na malori ya chakula. Desemba 1996 wakarudishwa kwao, lakini vibanda vingi vilibaki. Mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya inayojitegemea, na makao yake yakawekwa Rubwera. Baadaye ikaja lami kutoka Kyaka hadi Bugene, na kila mwenye kiwanja kando ya barabara akajua kwamba kiwanja chake si kile cha jana. Pale Omurushaka, inapochepuka njia ya kwenda Kyerwa na mpakani Murongo, mtu angeweza kukaa siku nzima akihesabu malori ya ndizi na pikipiki bila kupata nafasi ya kunywa chai yake.

Halafu wakaja wanachuo. Kayanga haijawa Morogoro wala Iringa, lakini kuna chuo cha ufundi cha VETA, na jirani yake Nyakahanga kuna hospitali ya Kanisa la Kilutheri ambako wauguzi wamekuwa wakifundishwa. Mwanachuo hupanga chumba, hula kwa mama lishe, hutoa nakala za karatasi zake dukani, hunyoa nywele, hupanda bodaboda. Anapofunga chuo, mji mzima huhisi. Hata hivyo, katika mikutano ya vitongoji mwanachuo huhesabiwa kuwa mpita njia, naye mwenyewe hujihesabu hivyo. Kwa mantiki hiyo tunao watu wawili wanaoufanya mji uwe mji, auzaye chini na aliyepanga chumba, na wote wawili hawana kauli mji unapopangwa.

Wengine watatuambia kuwa mji una wenyewe, nao ni wale wenye hati. Sisi hatuidharau hati. Lakini tazameni jinsi sheria yenyewe inavyotufundisha unyenyekevu. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliifikisha mita 30. Watu waliojiona wako ndani ya viwanja vyao kwa miaka mingi wakajikuta ndani ya hifadhi, ukuta ukiwa na alama ya X nyekundu. Hapo mwenye ghorofa na mwenye gunia la nyanya wakawa na swali moja: je, fidia? Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinataka mtu anayenyang'anywa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa haraka. Mwenye ukuta anayo nafasi ya kulidai hilo. Mwenye gunia, ambaye kazi yake ilikuwa mahali na si ardhi, hana karatasi ya kushika mkononi. Hilo ni pengo, na kwa maoni yetu ni wajibu wa jamii kulijaza pale ambapo sheria imenyamaza.

Si kweli kwamba wananchi hawana chombo cha kusemea. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema kuwa serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanajua ilivyokuwa zilipokosekana. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Miji ikakosa wa kuzoa taka na wa kuzibua mifereji, na kipindupindu kikaenea mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini. Halmashauri za miji zikarejeshwa mwaka 1978, na zile za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984, baada ya sheria za mwaka 1982. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na mkutano wa kitongoji, si hisani ya mwenyekiti. Mahesabu ya mapato na matumizi yanapaswa kusomwa humo. Tungeuliza leo ni wangapi kati yenu mliowahi kuyasikia yakisomwa katika mwaka huu mmoja, lakini tunachelea kuwaaibisha viongozi walio kati yetu, ambao ni rafiki zetu.

Ndugu wapendwa, yapo mambo mawili yaliyotokea Dar es Salaam ambayo tunapenda myafahamu. Tunajua kwamba Dar es Salaam ni mbali na matatizo yake ni makubwa kuliko yetu. Lakini mtaro ni mtaro.

La kwanza ni la Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa eneo hilo waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala lililowekwa kati ya makazi yao. Moshi na harufu viliwatesa, watoto waliugua. Mahakama iliamuru Jiji liache kumwaga taka pale. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda mwingine, akisimama juu ya Ibara ya 14 ya Katiba, yaani haki ya kuishi. Ulikuwa ushindi mkubwa wa watu wa kawaida, na wanasheria wanaukumbuka hadi leo. Ila sisi tunapenda mjue na kilichofuata. Taka zile hazikupotea. Zilihamishiwa Vingunguti, ambako nako wanaishi watu. Tunapolishangilia jambo la Tabata, tusisahau kumuuliza mtu wa Vingunguti anasemaje.

La pili ni la Hanna Nassif, Kinondoni, mtaa uliojengwa bila mpango kando ya bonde la Msimbazi na uliokuwa ukifurika kila mvua inyeshapo. Katika miaka ya 1990 wakazi wake waliunda chama chao, wakashiriki katika kupanga mitaro na njia, kisha wakaijenga wao wenyewe kwa mikataba, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine. Neno tunalotaka mlishike ni hilo la mikataba. Waliochimba, wanaume kwa wanawake, walilipwa. Haikusemwa kwamba kwa kuwa mtaa ni wao, basi jasho lao ni bure.

Hapa tunagusa jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya viongozi, na tumekubaliana kulisema hata hivyo. Katika wilaya zetu tumezoea kuita kila kazi ya pamoja kujitolea. Ni mila njema. Tunazikana kwa kujitolea, tunajenga madarasa kwa kujitolea. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi anapojitolea mifuko mitano ya saruji, jina lake husomwa mkutanoni na biashara yake hukua kwa sababu ya mtaro mpya. Kijana wa chuo cha ufundi anapojitolea siku nne za uashi, huambiwa ni mazoezi. Mama wa sokoni anapoacha kuuza siku moja ili afagie, hakuna anayehesabu kwamba ile siku moja ndiyo chakula cha jioni. Tuhesabu vyote. Ikiwa fedha hazipo, basi hesabu iandikwe daftarini ijulikane nani alitoa nini, maana siku vizimba vipya vinapogawiwa, daftari hilo ndilo litakalosema nani alikuwapo.

Na vizimba ndiko balaa kubwa linakojificha. Ninyi watu wa kahawa mnaijua butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali mtini, na mavuno yakifika si yake tena. Katika masoko yetu kuna butura ya vizimba. Soko halijajengwa, msingi haujachimbwa, lakini vizimba vya mbele vimekwisha kuchukuliwa na watu ambao hawajawahi kuuza hata fungu la nyanya. Soko likifunguliwa, auzaye kweli huwa mpangaji wa mtu aliyelala nyumbani. Tumeona mahali kizimba kimoja kikipangishwa mara mbili. Dawa yake haihitaji mhandisi. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa, watu wahesabiwe pale walipo kwa siku tatu tofauti, moja ya gulio, moja ya kawaida na moja ya mvua, kwa sababu wauzao siku ya mvua si wale wa siku ya jua. Majina yasomwe hadharani. Asiyekuwamo na adai aonekane na mashahidi. Wanachuo wanaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko sisi. Wanajua kuandika haraka na hawana ndugu wa kupendelea katika soko hilo, au tuseme wana wachache.

Tuseme kidogo juu ya choo, ingawa wengine mmekwisha kukunja nyuso. Mama anayefika sokoni saa kumi na moja alfajiri na kuondoka saa kumi na mbili jioni atakwenda wapi? Tumetembelea masoko yenye choo kizuri cha matofali, kimepakwa rangi, kina bamba la mfadhili, na kimefungwa kufuli. Ufunguo anao mtu ambaye hayupo. Mahali pengine hutozwa fedha kila uingiapo, na mama mwenye mtoto hulipa mara tatu au nne kwa siku, kisha akaacha kunywa maji ili asilazimike kwenda. Hiyo ni njia ya kuugua figo, waulizeni wauguzi. Mradi wa maji wa miji 28, ambao Kayanga imo na ambao chanzo chake kwetu ni Ziwa Rwakajunju, ulitiwa sahihi mwaka 2022 kwa mkopo kutoka India. Mkopo huo utalipwa na sisi sote, pamoja na wauzao chini. Basi bomba la soko na la choo chake liwe katika maombi yetu ya kwanza, kabla ya chemchemi ya kupamba mzunguko wa barabara.

Taa nazo zina watu wake. Mwenye duka hutaka taa mbele ya duka lake, na ana haki, maana anaogopa wezi. Lakini mabinti wa vyuo wametueleza kwamba hofu yao haiko mbele ya maduka, ambako kuna watu hadi saa tatu usiku. Iko katika ile njia ya miguu kutoka stendi hadi kwenye vyumba vya kupanga, kati ya migomba. Wenye kamati hawapiti huko usiku. Tulipoambiwa hilo tuliona haya, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuchora taa zetu zote sita barabarani.

Juu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hatutasema mengi. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Wenye vikundi wanajua mlango wa kubisha. Angalizo letu ni moja tu: mkopo wa kununua meza hauna faida ikiwa mahali pa kuiweka meza hapajulikani.

Tumeulizwa kabla ya kikao hiki kama basi hatutaki miji iwe safi. La hasha. Uchafu humwumiza kwanza yule aketiye karibu nao. Mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara katika miji mingi ya nchi yetu, wengi wa wapita njia walifurahi kuona barabara zimefunguka, na furaha ile haikuwa ya uovu. Njia ya miguu ni ya kupita, na mlemavu wa kiti cha magurudumu ana haki nayo kuliko nyanya. Tunachodai ni utaratibu wa mambo: kwanza mahali pa kwenda, penye wateja, palipokubaliwa na wahamaji wenyewe, kisha tarehe, na kuhama kuje mwisho. Mara nyingi sisi huanza na tarehe.

Sasa turudi kwenye ule mji wetu wa mnyororo, maana tumeulizwa iliishaje. Tuliitisha kikao kingine, safari hii saa kumi na mbili na nusu jioni, pale pale sokoni, watu wakiwa wameketi juu ya magunia na makreti. Kilichukua saa mbili. Tulitukanwa kidogo. Mwenye duka mmoja alikataa katakata akina mama wasirudi mbele ya mlango wake, na alikuwa na hoja, kwa kuwa walikuwa wakimwachia maganda. Walikubaliana kwamba watakaa upande mmoja tu wa mtaro, kwamba watafagia kabla ya kuondoka, na kwamba mwenye duka atawaruhusu kutumia kizimba chake cha taka. Vijana wawili wa chuo walipima kwa futi kamba na kupiga mambo, kila mmoja akapata hatua mbili na nusu. Mzozo ulikuwa juu ya ile sehemu ya karibu na stendi, nayo ikaamuliwa kwa kura za vijiti.

Mnyororo tuliufungua sisi wenyewe Jumamosi iliyofuata. Maua yaliyobaki tuliyahamishia kwenye uzio wa zahanati. Mtaro wa mawe haukuguswa, na masika iliyopita maji yalipita ndani yake vizuri. Kati ya wale akina mama, saba wamerudi mahali pao. Wawili wamebaki nyuma ya stendi kwa hiari yao, kwa kuwa wameanza kupika chakula cha makondakta. Yule aliyetuambia habari ya kufagiwa hajarudi. Wenzake wanasema aliuza mizani yake akaenda kwa mwanawe upande wa Kaisho, na tumewaomba ndugu zetu wa huko wamtafute.